Mwalimu Yupo, Hakufundisha

Ilomba, Mbeya
6 Aprili 2025

Madam Severina,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama Kilolo na nyumba umepata. Mimi ni mzima. Shangazi Damari ni mzima na anakusalimu, anasema umeondoka bila kuaga kwa hiyo anakudai chai.

Barua hii nampa kaka Ambrosi, jirani yetu, anafanya kazi kwenye basi la Iringa. Simu ya shangazi inasomwa na nyumba nzima, ndiyo maana naandika. Na ana kwa ana huwa sisemi vizuri, unajua.

Sisi kidato cha tatu B hatujapata mwalimu mwingine wa Kiswahili. Kwenye vipindi vyako tunafanya hesabu, au tunakaa tu. Devotha anakalia kiti chako, anashika kalamu, anaangalia dari, halafu anasema, "Kimya, mwalimu anawaza." Watu wanacheka sana. Mimi sicheki sana.

Zile kurasa za kitabu chako ulizoniachia nimezimaliza. Nimeweka alama ya penseli kila nilipochoka, kama ulivyoniagiza. Sura ya pili ina alama saba, samahani. Sura ya sita haina hata moja. Yule msichana anapojificha kwenye ghala la viazi niliisoma mara mbili.

Shuleni wanasema mambo mengi kuhusu uhamisho wako. Wengine wanasema ni wa kawaida tu, wengine wanasema ni kwa sababu ya vitabu. Mimi sijui.

Mwanafunzi wako,
Tumpe Mwaipaja


Kilolo
13 Aprili 2025

Mwanangu Tumpe,

Marahaba. Mwambie shangazi chai yake nitakuja kuilipa.

Nyumba nimepata, ya bati, karibu na shule. Baridi ya huku inaingia mpaka kwenye chaki, ukiandika inakatika. Wanafunzi wananiamkia "kamwene" kwa sababu wamesikia mimi ni Mhehe wa Kihesa. Nawaambia hapa ni shuleni, tusalimiane Kiswahili, halafu nasahau na mimi naitikia.

Umeniuliza bila kuniuliza, kama kawaida yako. Nitakuambia. Barua ya uhamisho inasema ni kwa manufaa ya utumishi. Ila kwa mdomo niliambiwa kwamba wathibiti ubora, wale wakaguzi wa shule, waliokuja Machi walikuta taarifa kuwa nakaa darasani bila kufundisha, wakahitimisha kwamba naandika hadithi zangu. Taarifa haijiandiki. Kuna mtu. Na mtu mwenyewe ni Mwalimu Sosthenes wa taaluma, ambaye tangu kitabu changu cha kwanza kitoke hajaniita jina langu. Naingia ofisini asubuhi, walimu wote wapo, yeye anasema, "Madam Riwaya, leo umemuua nani?"

Baba Mathew na mtoto wamebaki Ilomba kwa sababu ya kazi yake. Mathew ana miaka sita. Kila Jumapili ananiuliza kwenye simu nimefika wapi, kama vile bado niko njiani. Kwa hiyo nakata rufaa.

Hapo ndipo nakuhitaji. Wewe ni kiranja wa darasa, wewe ndiye unayejaza jonali, lile daftari ambalo kila kipindi kinaandikwa mwalimu nani na amefundisha nini. Niandikie ukurasa mmoja tu. Ushuhudie kwamba kuanzia Januari mpaka Machi vipindi vyangu vilifundishwa. Viranja wengine wanajaza ovyo, lakini wewe kila mtu pale anajua hudanganyi.

Ahsante kwa penseli. Sura ya pili nitaifumua. Mhariri anautaka mswada mwisho wa Juni.

Mwalimu wako,
Severina Kikoti


Ilomba
20 Aprili 2025

Madam,

Shikamoo. Heri ya Pasaka. Tumekula wali na ndizi, na mgeni alikuja na kuku.

Wiki iliyopita kulikuwa na mdahalo wa Kiingereza. Nilipangwa msemaji wa tatu. Nilisimama, nikasema salamu yote ya mwanzo, mwenyekiti, majaji, watunza muda, halafu nikakaa. Mwalimu wa Kiingereza akasema, "Umemaliza?" Nikasema ndiyo. Kwa Kiingereza naweza kuandika, ila kusema hapana. Kwa Kiswahili pia ni hivyo hivyo, labda Kinyakyusa, na huko nako ni kwa bibi tu.

Kuhusu ule ukurasa, nilikuwa nafikiri Devotha ana mwandiko mzuri kuliko mimi. Na watu wanamwamini. Au hata msaidizi wangu, Timotheo. Je, ni lazima awe kiranja?

Sura ya tisa uliyosema ulipoondoka kwamba utaituma sijaiona. Nitaisubiri.

Tumpe


Kilolo
27 Aprili 2025

Tumpe,

Devotha ana mwandiko mzuri, ila hajazi jonali. Timotheo naye anajaza siku ukiumwa, na wewe huumwi. Lazima awe kiranja.

Sikuombi useme jambo gumu. Nilikuwepo shuleni kila siku, hata siku Mathew ana homa nilikuja. Kengele ikigonga nilikuwa darasani kabla yenu. Ukiandika hivyo tu inatosha, mistari kumi.

Najua una aibu. Najua pia unaogopa Mwalimu Sosthenes atajua. Hatajua. Barua inakwenda ofisi ya elimu, haiendi shuleni. Na mwanangu, usione kama nakulazimisha, lakini hakuna mwingine niliyempa mswada wangu kabla ya mhariri. Nilikupa wewe. Basi na wewe nipe hiki.

Sura ya tisa hii hapa, bado ina makosa.

S. Kikoti


Ilomba, Mbeya
4 Mei 2025

KWA ANAYEHUSIKA

Mimi Tumpe Mwaipaja, mwanafunzi wa kidato cha tatu B na kiranja wa darasa, ninathibitisha kwamba Mwalimu Severina Kikoti alihudhuria na kufundisha vipindi vyake vyote vya Kiswahili kuanzia mwezi Januari hadi Machi 2025. Mwalimu alikuwa akifika darasani kwa wakati na sisi wanafunzi tulimwelewa vizuri. Jonali la darasa lilijazwa na mimi mwenyewe.

Ninathibitisha kuwa maelezo haya ni ya kweli.

Tumpe Mwaipaja


Kilolo
14 Mei 2025

Mwanangu,

Nimeupata ukurasa. Umeandika kama karani wa mahakama, mpaka nimecheka mwenyewe. Ahsante sana.

Rufaa imekamilika. Ina kurasa tatu na jina la Mwalimu Sosthenes limo mara nne. Nimeeleza wivu wake wote, na nimeomba yeye ndiye achunguzwe. Ijumaa tarehe 23 sina kipindi mchana, nitashuka Iringa mjini niikabidhi mwenyewe, kisha nilale Kihesa kwa mama. Nimemwambia Mathew mama yake anakaribia kufika.

Sikuleta sura mpya, wiki hii sikuandika kitu.

Severina


Ilomba
17 Mei 2025

Madam Severina,

Shikamoo. Kaka Ambrosi nimemwomba barua hii aifikishe kabla ya Ijumaa, asimpe mtu mwingine njiani.

Naomba usiupeleke ule ukurasa wangu. Ni wa uongo.

Taarifa ni yangu. Iko kwenye jonali. Niliandika mimi.

Naomba nieleze kwa mpangilio maana nikianza kuomba msamaha nitaishia hapo.

Ilianza tarehe 3 Februari. Ulituandikia zoezi ubaoni, ukakaa, ukafungua lile daftari lako jekundu, ukaandika mpaka kengele. Siku nyingine tena. Mimi nakaa dawati la mbele, nilikuwa naona midomo yako inacheza ukiandika maneno ya watu. Siku ya nne nilinyoosha mkono. Unajua mimi sinyooshi mkono. Ulisema, "Subiri kidogo mwanangu," bila kuangalia ni nani. Nikaushusha baada ya muda kwa sababu uliuma. Swali lenyewe nimeshalisahau.

Siku hiyo kwenye jonali, sehemu ya mada, niliandika: mwalimu yupo, hakufundisha. Jonali tunajaza kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza sikuona kama nakusema vibaya. Niliona kama najaza fomu. Niliandika hivyo siku hiyo, na siku nyingine zilizofuata, na zile za nyuma nilirudi nikazijaza. Jumla vipindi tisa.

Sasa nikuambie kitu ambacho ni kibaya zaidi. Mwalimu Sosthenes Ijumaa huwa haingii darasani kabisa. Asubuhi anapita dirishani akiondoka, anasema, "Kiranja, niwekee hapo, mada ile ile." Na mimi namwekea. Muhula mzima nimemwekea, na amesaini. Kwa hiyo sio kweli kwamba mimi sidanganyi. Nimedanganya kwa ajili ya mtu ambaye simpendi wala simchukii, na wewe ambaye nakupenda ndiye nilikuandikia ukweli.

Nimewaza sana kwa nini. Walimu wengine wanaliomba jonali wanasaini. Wewe ulikuwa huliombi, nikadhani unalisoma ofisini kwa nafasi yako, kama unavyosoma kila kitu. Nilidhani utafika kwenye ule mstari, utajua mwandiko wangu, utaniita. Nilishapanga hata nitakachosema ukiniita. Halafu hukuniita, nikaandika tena kesho yake ili uone. Jonali lilikuwa barua yangu kwako, Madam. Ila wewe hukulifungua, wakalifungua wathibiti ubora.

Na Mwalimu Sosthenes hakupeleka chochote. Yeye aliona mapema, mwisho wa Februari. Aliniita kwenye kona ya ofisi akasema, "Hivi umeandika kweli hii?" Nikaitikia kwa kichwa. Akasema, "Ungeniambia kwanza, tungemwambia taratibu." Kuanzia siku hiyo jonali la B alikuwa analiweka kwenye droo yake, akawa anatupa karatasi tujaze. Wathibiti walipokuja walitaka majonali yote, akasema la B limepotea. Mkuu wa shule akalitoa mwenyewe kwenye droo.

Nilijua haya yote wakati nakuandikia ile barua ya kwanza na kusema sijui. Niliandika ushahidi kwa sababu ulisema ulinipa mswada. Nilitaka uendelee kunipa.

Sijamwambia shangazi wala Devotha.

Tumpe


Kilolo
5 Juni 2025

Tumpe,

Barua yako ilinifikia Jumatano tarehe 21. Ambrosi aliileta mpaka mlango wa ofisi, akagoma kumpa mhudumu.

Nilikasirika. Siwezi kukuficha. Siku ya kwanza nilikasirika na wewe, nikawaza binti wa miaka kumi na sita amenitenganisha na mwanangu kwa kalamu ya buluu. Nilitaka kukuandikia siku hiyo hiyo na nashukuru bahasha zilikuwa zimeisha.

Ijumaa nilishuka Iringa na rufaa yangu kwenye mkoba. Nilikaa kwenye benchi la ofisi ya elimu. Kuna baba mmoja mzee alikuwa amefuatilia cheti cha mtoto, aliniuliza, "Mwalimu, na wewe unadai nini?" Nikafungua mkoba nitoe rufaa, nikaufunga tena. Maana ningemweleza nini? Kwamba nilikuwepo? Nilikuwepo kweli. Nikanyanyuka, nikaenda Kihesa. Mama alikuwa anapika, nikaitia rufaa motoni pamoja na kuni, na ukurasa wako pia.

Mwalimu Sosthenes nilimpigia simu. Nilimwomba radhi kwa mambo ambayo yeye hata hayajui. Akasema, "Madam Riwaya, mimi mwenyewe Ijumaa niko shambani Uyole, ningemshtaki nani?" Akaniambia ameanza kuingia vipindi vya Ijumaa. Sijui kama ni kweli, wewe ndiye unajua.

Nimefanya hesabu moja. Kitabu kina sura kumi na moja. Sura nne, ya tano mpaka ya nane, nimeziandika mbele yenu, kwenye vile vipindi tisa. Jana mhariri kanipigia, hajui lolote, anasema hizo nne ndizo zilizo hai kuliko zote. Na wewe ya sita hukuiwekea hata alama moja. Siwezi kuzirudisha na siwezi kuzitupa. Zitabaki humo na mimi nitajua.

Nilikuwa najiambia, siku zote, kwamba nawaandikia ninyi. Wasomaji wangu ni wa umri wenu. Kumbe wasomaji arobaini na sita walikuwa mbele yangu, na mimi nawaambia wakae kimya ili niwaandikie.

Nimemwambia mhariri Juni haiwezekani. Amesema basi nafasi yangu anampa mtu mwingine na mimi nisubiri mwakani. Kuhusu kurudi Mbeya, nimejaza fomu ya kubadilishana kituo kama mwalimu yeyote. Lazima apatikane mtu anayetaka kuja kwenye baridi hii. Baba Mathew anasema inaweza kuchukua mwaka mzima. Mathew nimemwambia mama bado, nimeacha kumwambia nakaribia.

Likizo nitakuwa Ilomba. Nimeomba ukumbi wa parokia kuanzia Jumatatu tarehe 16, wiki mbili, asubuhi. Vile vipindi tisa nitavifundisha. Waambie darasa, anayetaka aje. Usiwaambie sababu, nitawaambia mwenyewe siku ya kwanza.

Severina Kikoti


Ilomba
29 Juni 2025

Madam Severina,

Shikamoo. Najua bado uko hapa Ilomba mpaka Jumatano na nyumba yako naiona nikisimama kwenye bomba. Naandika kwa sababu Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho watu wote walikuja kukuaga na mimi nilienda kufuta ubao.

Tulikuwa thelathini na moja siku ya kwanza, na ukumbuke baridi ilikuwa kali. Ulipotuambia ulichokifanya, Devotha alisema kwa sauti, "Sisi tulidhani ndio ufundishaji wa kisasa." Ulicheka ila macho hayakucheka. Baadaye aliniuliza kama mimi nilijua. Nilimwambia kila kitu, pamoja na jonali. Alikaa siku mbili hanisemeshi. Siku ya tatu akasema, "Kwa hiyo na mimi huwa unaniandika?" Nikamwambia huwa namwandika kila siku, msumbufu. Yakaisha hapo.

Kwa mkuu wa shule nimeomba kuacha ukiranja shule ikifunguliwa. Nilimwandikia barua, na humo nimetaja Ijumaa zote nilizojaza uongo. Mwalimu Sosthenes nilimwonyesha kwanza kabla sijaipeleka. Alisoma mpaka chini, akasema, "Haya. Peleka." Shangazi anasema nitaadhibiwa. Labda.

Sasa nilichotaka kusema. Insha yangu ya pale ukumbini umenipa kumi na moja juu ya ishirini. Nilipoiona nilitaka kulia mbele za watu, kwa sababu kwenye Kiswahili sijawahi kupata kumi na moja. Nyumbani nikaisoma tena. Umeandika wino mwekundu ukurasa wa kwanza, wa pili, mpaka wa nne. Pale nilipoandika kwamba bibi ni mpole, umeandika, "Amefanya nini cha upole? Simwoni." Pale nilipomaliza kwa maneno mazuri umeyakata yote, ukaandika, "Hapa umechoka ukataka kuondoka." Ni kweli nilichoka. Hakuna mtu mwingine angejua.

Nimeiandika upya. Sasa bibi anamchinjia jogoo wake mtu aliyemwibia mahindi, kwa sababu yule mtu alikuja na njaa tena. Ilitokea kweli, nilikuwa naona aibu kuiandika.

Naiweka humu. Najua Julai unaanza muhula, una madarasa ya Kilolo na una kitabu. Ukipata nafasi uisome. Ukikosa, niambie tu kwamba umekosa.

Tumpe